Mpira wa Kuzuia Maji ya Mto Sava: Kikao cha Mtaa wa Obala

KAMATI YA KUJIKINGA NA MAFURIKO
MTAA WA OBALA, VRBOVIŠTE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUCHAGUA MPIRA WA KUZIBIA MABAMBA YA MILANGO, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 22 FEBRUARI 2025 KATIKA UKUMBI WA KIKOSI CHA ZIMAMOTO

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Slavoljub Erdeljan, nyumba na. 3: Mwenyekiti
2. Bi. Zagorka Pejin, nyumba na. 16: Katibu
3. Bw. Svetozar Bugarin, nyumba na. 9, mwenye duka la vifaa vya ujenzi: Mjumbe
4. Bw. Radivoje Tatić, nyumba na. 27, fundi mstaafu wa reli: Mjumbe
5. Bi. Ljubinka Krstonošić, nyumba na. 14: Mjumbe
6. Bw. Nebojša Grkinić, nyumba na. 22: Mjumbe

WASIOHUDHURIA
1. Bi. Mileva Stanojlov: kwa taarifa (binti yake amejifungua Novi Sad)
2. Bw. Tanasije Rakić: bila taarifa (gari lake lilionekana limeegeshwa nje ya mgahawa)

Kwa agizo la kikao, maneno ya wajumbe yameandikwa yalivyotamkwa, si kwa muhtasari kama ilivyokuwa desturi. Sababu iko KUMB. NA. 4.

KUMB. NA. 1/02/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi baada ya kuhesabu wajumbe na kuridhika kwamba akidi imetimia. Alieleza kwamba theluji ya mwaka huu milimani ni nyingi kuliko ya mwaka jana na ikiyeyuka itaujaza mto, na kwamba duka la mpira la mji wa Šabac linahitaji wiki tatu kuanzia siku ya kupokea barua ya kuagiza. Kwa hiyo kikao kisifungwe bila mpira kuchaguliwa. Aliwaomba wajumbe wajadili mpira na si wao kwa wao. Bw. Nebojša aliuliza kama hilo ni ombi au amri. Mwenyekiti alisema ni ombi, kwa sasa.

KUMB. NA. 2/02/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 9 NOVEMBA 2024

Kumbukumbu zilisomwa. Bw. Nebojša alipinga sentensi isemayo kwamba "alipiga kelele", akataka isomeke kwamba "alichangia kwa sauti". Marekebisho yalikubaliwa ili kazi iendelee. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/02/2025: TAARIFA YA UKAGUZI WA MABAMBA

Bw. Radivoje alitoa taarifa ya ukaguzi alioufanya mwezi Januari katika nyumba zote thelathini na moja za mtaa. Alieleza kwamba mabamba ya alumini yenyewe hayana kasoro. Kila mlango una mabamba manne, yanapangwa moja juu ya jingine ndani ya reli mbili zilizofungwa ukutani, na yanabanwa kwa skrubu. Mafuriko ya Mei mwaka jana yalipokuja, hakuna bamba lililopinda. Maji yalipita kwenye mpira. Nyumba kumi na moja, kuanzia na. 6 hadi na. 16, ambazo ndizo za chini kabisa, ziliingiwa na maji mlangoni huku mabamba yamesimama wima.

Bw. Nebojša alisema kwake hakukuingia hata tone. Ikumbukwe kwamba nyumba na. 22 iko juu ya mteremko, na maji hayakuifikia.

Bw. Radivoje aliuliza kama kuna mjumbe aliyebaki na kipande cha mpira wa zamani. Bi. Ljubinka alifungua mkoba akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kipande cha sponji nyeusi chenye urefu wa mkono. Alisema alikibandua mwenyewe kwenye kizingiti chake mwezi Mei, na tangu hapo kiko kwenye kabati la vyombo.

Bw. Radivoje alikata kipande cha urefu wa kidole, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, akakiminya kwa kijiko mpaka mapovu yakaisha, kisha akakitoa na kukikamua juu ya kisahani. Kisahani kilijaa, maji yakamwagika mezani. Alichukua kipande kingine kutoka kwenye boksi lake la sampuli, kinachofanana na kile kwa rangi na unene, akakifanyia vilevile. Kisahani cha pili kilikuwa na unyevu tu.

Aliwaeleza wajumbe: "Sponji ziko mbili, jamani. Hii ya pili vitundu vyake ni kama mapovu ya sabuni, kila povu limejifunga lenyewe. Maji yanafika nje yanakwama. Hiyo ya Ljubinka vitundu vimeungana, vinapitiana kama ndani ya mkate. Kazi yake ni kuzuia vumbi na upepo kwenye dirisha. Ukiiweka majini inakunywa, ikishiba inapitisha. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mpaka uikamue."

Bi. Ljubinka aliuliza ingepitisha maji kiasi gani katika mlango mmoja. Bw. Radivoje alisema ingetegemea kina cha maji nje. Bi. Ljubinka alisema kina anakijua, kilikuwa mpaka kiunoni. Anachouliza ni muda. Bw. Radivoje alisema, kwa kina hicho, chumba cha chini kingekuwa na maji ya kufika magotini kwa saa tatu au nne. Bi. Ljubinka alisema zilikuwa saa tatu na nusu.

Inaingizwa hapa kwa taarifa kwamba katika nyumba na. 14 chumba cha chini ndimo alimolala marehemu Jovica Krstonošić, mume wa Bi. Ljubinka, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Walimlaza chini kwa sababu ngazi zilimshinda. Kikosi cha zimamoto kilimtoa kupitia dirishani asubuhi ile akiwa amelowa. Mapafu yakashika baridi, na alifariki tarehe 6 Juni.

KUMB. NA. 4/02/2025: CHANZO CHA MPIRA USIOFAA

Bi. Ljubinka alimwomba Mwenyekiti amuulize Bw. Svetozar, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza, kama alijua anachokinunua siku ile alipotumwa Šabac na kamati.

Mwenyekiti alisema: "Ljubinka, amekusikia. Masikio anayo."

Bi. Ljubinka alisema: "Nimekuomba umuulize wewe."

Mwenyekiti aliuliza. Bw. Svetozar alimwomba Mwenyekiti amjibu Bi. Ljubinka kwamba ameshalijibu swali hilo tangu Mei, kwa kila mtu aliyemuuliza na kwa wengi ambao hawakumuuliza bali walimwangalia tu. Alisema: "Mimi nauza saruji na misumari. Mambo ya mpira siyajui. Nilipewa barua ya kamati, nikaipeleka, wakaisoma, wakanipa kilichoandikwa. Barua ilisema sponji nyeusi, milimita ishirini. Kwisha."

Bw. Radivoje alisema: "Sveta, mimi nilisema vitundu vilivyofungwa. Nilisema kwenye meza hii hii."

Bw. Svetozar alijibu: "Labda ulisema. Kwenye barua hakukuwa na vitundu."

Bw. Nebojša alisema mtaani inasemekana kwamba duka la Šabac lilikuwa na mabaki ya kumaliza, na mwenye duka humsaidia mwenye duka mwenzake. Bw. Svetozar alisimama akasema: "Nebojša, hilo lirudie ukiwa umesimama na wewe." Bw. Nebojša alisema yeye hajasema, inasemekana. Mwenyekiti aliwataka wote wawili wakae, akataka kumbukumbu za tarehe 6 Aprili 2024 zisomwe ili ijulikane kamati iliamua nini hasa.

Katibu alizisoma. Zinasema hivi tu: "Ilikubaliwa kununua mpira wa sponji kama alivyoeleza Bw. Radivoje."

Mwenyekiti alisema hilo halisaidii kitu. Kisha alitoa mapumziko ya dakika tano kwa kahawa. Kahawa haikunywewa.

Kikao kiliporejea, Katibu aliomba kuzungumza kama mjumbe, na aliomba mtu mwingine aandike atakapokuwa anazungumza. Mwenyekiti alimteua Bw. Radivoje. Maneno yafuatayo yaliandikwa na Bw. Radivoje kwa penseli na yamenakiliwa hapa bila kubadilishwa:

"Zagorka amesimama. Ametoa daftari dogo la kijani. Anasema hili ndilo analoandikia haraka haraka kikaoni, halafu nyumbani ananakili vizuri kwenye kitabu. Anasoma ukurasa wa tarehe 6 Aprili. Imeandikwa: Radivoje, sponji ya EPDM, vitundu VILIVYOFUNGWA, amerudia mara mbili, unene mm 20. Anasema barua ya Šabac aliiandika yeye siku ya pili. Anasema aliona maneno ya vitundu ni maneno ya mafundi tu, barua itakuwa ndefu, akayatoa. Kwenye kumbukumbu akayafupisha vilevile. Anasema Sveta alipeleka barua kama ilivyokuwa na hakufanya kosa. Anasema kosa ni lake. Sauti yake haisikiki vizuri. Slavoljub amemwambia akae. Hakai."

Bi. Ljubinka aliuliza: "Umejua lini?"

Katibu alisema alijua tarehe 16 Novemba, wiki moja baada ya kikao kilichopita, alipokuwa anapanga madaftari ya zamani.

Bi. Ljubinka alisema: "Krismasi ulikuja kwangu na mkate."

Katibu alikiri.

"Ukakaa saa mbili."

Katibu alisema alikuwa amekwenda kumwambia.

"Ukaniambia nini?"

Katibu alisema alimwambia mkate umeungua kidogo chini.

Hapo Bw. Radivoje, aliyeandika pia maswali na majibu haya, aliacha kuandika. Yafuatayo yameandikwa na Katibu baada ya kuketi na kurudishiwa kalamu.

Bw. Svetozar aliomba kuzungumza. Alizungumza akiwa ameelekea dirishani. Alisema: "Mke wangu ameacha kwenda kanisani kwa sababu ya kuangaliwa. Siku ya kumzika Jovica nilifika mpaka geti la makaburini, nikarudi. Nimekaa dawati moja na Jovica miaka minane. Mwaka mzima karibu nimekuwa najiuliza, labda kweli, labda nilichukua tepe nyingine ya sponji na si niliyoonyeshwa. Mpaka nikawa naota niko kule dukani, nakosea mkono." Alimgeukia Katibu, akasema: "Wewe ulikuwa unanunua misumari kwangu. Desemba ulinunua misumari."

Katibu aliyaandika maneno hayo.

Bw. Radivoje alisema kosa lisibebwe na mtu mmoja tena kama lilivyobebwa na Sveta. Tepe zote aliziondoa yeye kwenye boksi na kuzigundisha yeye, milango yote thelathini na moja, kwa mikono yake. Angekikamua kipande kimoja tu angejua. Hakukamua, kwa sababu aliamini kilichokuja ndicho alichokisema.

Azimio: Iliridhiwa kwa kauli moja kwamba Bw. Svetozar Bugarin alinunua kilichoandikwa kwenye barua ya kamati na hana kosa. Mwenyekiti alipendekeza tangazo libandikwe kwenye mlango wa ukumbi. Bw. Svetozar alisema lisibandikwe, amechoka kusomwa. Bi. Ljubinka alisema: "Bandikeni. Waliosema ndio wasome." Ilikubaliwa tangazo liandikwe na Katibu kwa jina lake mwenyewe.

Azimio la pili: Kuanzia kikao hiki maneno yaandikwe yalivyosemwa, yawe ya fundi au ya asiye fundi.

KUMB. NA. 5/02/2025: MAJARIBIO YA MIPIRA

Wajumbe walihamia uani saa 5:20. Bw. Radivoje alikuwa ameandaa hori la zamani la chuma la kunyweshea ng'ombe. Upande mmoja ameukata na kufunga reli mbili na mabamba mawili kama ya mlangoni, na chini ameweka jiwe la kizingiti lililotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, ili jaribio lisiwe la kujidanganya. Alieleza kwamba vizingiti vya mtaa huu vimelika katikati kwa kukanyagwa, na mpira wowote unaofaa juu ya saruji laini unaweza kushindwa hapo. Hori lilijazwa kwa bomba la zimamoto mpaka sentimita themanini. Maji yaliyovuja yalikingwa kwenye beseni na kupimwa kwa jagi.

(i) Sponji ya mwaka jana, kipande kilichobaki cha nyumba na. 14 kikiunganishwa na cha nyumba na. 11. Kwa dakika kumi zilivuja lita tisa. Bi. Ljubinka aliomba beseni lisimwagwe mpaka aliangalie. Aliliangalia, kisha akalimwaga mwenyewe.

(ii) Hosi ya bustani. Pendekezo hili ni la Bw. Nebojša, ambaye tangu Novemba ameisifu hosi inayopasuliwa urefu wake na kuvishwa ukingo wa bamba, kuwa haina gharama, kila mtu anayo, na shemeji yake anaitumia kwenye boti. Mwenyekiti alisimama karibu ili aone vizuri. Maji yalipofika sentimita hamsini hosi ilichomoka kwenye ukingo na kurukia upande wa Mwenyekiti. Jaribio lilisitishwa ili Mwenyekiti apatiwe suruali ya zimamoto. Bw. Nebojša alisema hosi ya shemeji yake ni ya kijani, na hii ilikuwa ya bluu.

(iii) Mpira mgumu wenye umbo la herufi D, mtupu katikati, kila upande, na chini ya bamba pia. Pembeni hapakuvuja kabisa. Kati ya bamba na bamba hapakuvuja. Chini, kwenye jiwe, zilipita lita mbili na nusu. Bw. Radivoje alieleza: "Huu haujipindi kufuata shimo. Una ubishi kama Nebojša. Mahali palipo sawa hauna mpinzani, lakini kwenye jiwe lililolika unapita juu ya shimo kama daraja."

(iv) Mpira huo huo wa D pembeni na kati ya mabamba, na chini tu sponji ya vitundu vilivyofungwa, unene milimita thelathini. Bw. Radivoje alibana skrubu mpaka sponji ikapungua theluthi ya unene wake, akaonya kwamba mtu asikaze zaidi ya hapo kwa kudhani anajisalimisha, kwa sababu mpira uliobanwa kupita kiasi hulala moja kwa moja na safari inayofuata haunyanyuki. Walisubiri dakika ishirini badala ya kumi. Beseni lilikuwa na maji yasiyojaza kikombe cha kahawa.

Wajumbe walipiga makofi, isipokuwa Bi. Ljubinka, aliyekuwa amepiga magoti kwenye matope akipitisha kidole chini ya bamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alisimama akaonyesha kidole. Kilikuwa kikavu. Alisema: "Tepe moja tu hii." Bw. Radivoje alisema ndiyo, ni tepe moja. Bi. Ljubinka aliondoka akaenda kusimama nyuma ya gari la zimamoto. Bw. Svetozar alimpelekea koti lake, akaliacha juu ya bampa, akarudi.

Saa 6:15 wajumbe walirudi ndani. Rakija, pombe kali ya matunda, ilitolewa kwa walioloa, na kwa ambao hawakuloa.

Azimio: Iagizwe aina ya (iv).

KUMB. NA. 6/02/2025: MLANGO WA CHUMBA CHA PAMPU

Bw. Svetozar alikumbusha kwamba mwezi Mei maji hayakuja peke yake. Yalikuja na dizeli ya matrekta na mafuta ya matangi ya kupashia nyumba joto, na utando wake ulionekana ukutani hadi Septemba. Aliuliza kama mpira huu unastahimili mafuta.

Bw. Radivoje alisema swali ni zuri na alijilaumu kwa kutolisema mwenyewe. Alieleza kwamba mpira huu wa EPDM ni rafiki wa maji, jua na barafu, unaweza kukaa nje miaka mingi bila kupasuka, lakini ni adui wa mafuta. Ukikaa kwenye dizeli unavimba na kulegea kama mkate uliotiwa chai. Kwenye milango ya nyumba mafuta hupita kwa siku mbili tatu na huoshwa, kwa hiyo utafaa, ila baada ya mafuriko uoshwe kwa sabuni siku hiyo hiyo. Chumba cha pampu ya kuondolea maji mtaani ni jambo jingine, kwa sababu ndani mna tangi la dizeli na sakafu yake haijawahi kukauka. Pale uwekwe mpira wa nitrili, ule unaotumika kwenye injini. Nitrili haupendi jua, lakini mlango ule unaangalia kaskazini.

Bw. Nebojša aliuliza kwa nini usinunuliwe silikoni mahali pote, maana jikoni kwake silikoni imeziba kila kitu. Bw. Radivoje alisema silikoni ni ya joto la oveni na baridi kali, lakini huchanika upesi ikikwaruzwa, na bamba la alumini huikwaruza kila linaposhushwa. Bw. Nebojša aliridhika, na aliomba iandikwe kwamba ameridhika.

Azimio: Nitrili kwa chumba cha pampu tu, na boksi lake liandikwe kwa rangi nyekundu ili lisichanganyike.

KUMB. NA. 7/02/2025: KUFUNGA NA KUTUNZA

Ilikubaliwa kwamba kwenye kona mpira usikunjwe, kwa sababu penye mkunjo maji hupata njia. Ukatwe kwa mshazari, ncha mbili zigundishwe, na ziachwe siku nzima kabla ya kubanwa. Reli zipigwe msasa na kufutwa kwa spiriti kwanza. Mabamba yasihifadhiwe yamebanwa wala kupangwa juu ya mpira wake, na yasiwekwe juani nyuma ya banda la kuku kama yalivyokutwa katika nyumba tatu zisizotajwa hapa.

Kila boksi likifika, kipande kikatwe, kitumbukizwe kwenye glasi na kukamuliwa mbele ya watu wawili, kabla ya chochote kugundishwa popote.

Bw. Radivoje alisema mikono yake haimalizi milango thelathini na moja kabla ya Aprili. Bw. Svetozar alijitolea kufunga nyumba za chini, na. 6 hadi na. 16. Mwenyekiti alimwomba Bi. Ljubinka aseme kama ana pingamizi kuhusu nyumba na. 14.

Bi. Ljubinka alimwambia Bw. Svetozar: "Kizingiti changu kimelika kuliko hilo jiwe la Radivoje. Kitakusumbua."

Bw. Svetozar alisema atakuja mara mbili, mara ya kwanza kupima.

Bi. Ljubinka alisema: "Njoo Jumanne. Na umlete Jagoda. Sijamwona tangu Pasaka."

Bw. Svetozar alisema Jagoda, mkewe, atakuja.

KUMB. NA. 8/02/2025: BARUA YA KUAGIZA

Barua iliandikwa mezani, mbele ya wajumbe wote. Katibu alipofika kwenye maneno "vitundu vilivyofungwa" aliulizwa na Bw. Radivoje kama anataka ayarudie mara mbili. Alisema ameyasikia. Barua ilisomwa kwa sauti na Mwenyekiti, kisha na Bw. Svetozar, ambaye ndiye atakayeipeleka Jumatatu. Safari hii nakala yake itabaki dukani kwake. Bw. Svetozar aliipiga picha pia kwa simu, pande zote mbili, ingawa upande wa pili hauna kitu.

KUMB. NA. 9/02/2025: KUJIUZULU KWA KATIBU

Katibu aliweka mezani kitabu cha kumbukumbu, muhuri na ufunguo wa kabati, akaomba kamati imteue mwingine. Alieleza kwamba hawezi kudai kuaminiwa na watu aliowanyamazia miezi mitatu.

Mwenyekiti aliuliza nani yuko tayari kushika kazi hiyo. Bw. Nebojša alisema mwandiko wake hata mkewe hausomi. Bw. Svetozar alisema yeye ana duka. Bw. Radivoje alionyesha karatasi yake ya penseli na kuuliza kama hiyo haitoshi kuwa jibu. Mwenyekiti alisema huenda mwingine akapatikana kikao kijacho.

Bi. Ljubinka aliomba kuzungumza. Alisema: "Asiondoke. Akiondoka atajifungia ndani, na dirisha lake liko mbele ya langu. Nitakuwa naamka kila siku naangalia pazia lake limefungwa. Sitaki. Akae hapa aandike."

Mwenyekiti aliitisha kura. Waliounga mkono Katibu aendelee: watano. Waliopinga: hakuna. Katibu hakupiga kura. Ilikubaliwa pia kwamba kila barua ya kamati isomwe na fundi mmoja kabla ya kutumwa.

Bi. Ljubinka aliomba tena kuzungumza. Alisema: "Zagorka, sijakusamehe. Usije ukaandika humo kwamba nimekusamehe."

Katibu aliuliza kama maneno hayo yaandikwe.

Bi. Ljubinka alisema: "Yaandike. Na andika kwamba bado ni jirani yangu."

Yameandikwa yote mawili.

KUMB. NA. 10/02/2025: KUMALIZA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kurudisha suruali ya zimamoto. Wajumbe walitawanyika saa 7:40 mchana. Kikao kingine kitaitishwa mpira utakapofika.

Imesomwa mbele ya wajumbe na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

........................................
Slavoljub Erdeljan
MWENYEKITI

........................................
Zagorka Pejin
KATIBU